Ndama Aliyekosa Dang'a: Vibadala vya Kutumainiwa na Visivyotosha

Hasara nyingi za chama cha msingi cha wafugaji wa maziwa huandikwa vitabuni: maziwa yaliyokataliwa mapokezini, madeni ya pumba yasiyolipwa, gharama za usafiri. Iko hasara moja ambayo aghalabu haiandikwi mahali popote, nayo ni ndama anayekufa kabla ya kutimiza wiki tatu. Mwenye mali humzika nyuma ya banda, majirani humpa pole, na jambo huishia hapo. Lakini kama ndama huyo alikuwa jike, chama kimepoteza ng'ombe ambaye angeanza kuleta maziwa kituoni baada ya miaka miwili na nusu au mitatu. Na kama mama yake alipatikana kwa mpango wa kukopa mtamba na kulipa mtamba, deni la mwanachama limebaki pale pale, na jirani aliyekuwa akingoja zamu yake hana budi kuendelea kungoja.

Mara nyingi chanzo cha kifo cha namna hiyo hakiko katika ile siku ndama alipoanza kuhara. Kiko katika saa chache za kwanza za maisha yake, alipokosa dang'a, au alipoipata kidogo mno, au alipoipata muda ukiwa umekwisha pita. Makala hii inaeleza kwa nini dang'a haina mfano wake, ni vitu gani vinaweza kushika nafasi yake mama anapokufa au asipokuwa nayo, na jinsi chama kinavyoweza kujiwekea akiba kabla ya shida kufika.

KAZI YA DANG'A

Dang'a ni maziwa ya kwanza yatokayo kiweleni baada ya ng'ombe kuzaa. Ni mazito, hunata, na kwa kawaida rangi yake ni ya manjano. Ina mafuta, protini na vitamini kwa wingi kuliko maziwa ya kawaida, nayo humsaidia ndama kutoa kinyesi cha kwanza kilicho cheusi na kizito. Lakini sifa yake kubwa zaidi ni kingamwili zilizomo ndani yake.

Mtoto wa binadamu hupokea sehemu ya kinga ya mama yake akiwa bado tumboni. Ndama hapati bahati hiyo, kwa sababu kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili. Hivyo ndama huzaliwa akiwa karibu hana kinga yoyote katika damu yake, kisha huangukia papo hapo juu ya sakafu yenye vijidudu vya kila aina. Kinga ambayo mama alijijengea kwa miaka ya kuishi katika banda lile lile na kijiji kile kile imewekwa katika dang'a, na ndama huipata kwa kuinywa.

Jambo hili si dhana ya juzi. Mwaka 1922, wataalamu Theobald Smith na Ralph Little, waliofanya kazi Princeton nchini Marekani, walilinganisha ndama walionyweshwa dang'a na ndama walionyimwa. Waliopewa dang'a waliishi. Wengi wa walionyimwa walikufa katika siku zao za mwanzo. Mwaka huo huo walijaribu pia kutumia majimaji ya damu ya ng'ombe mahali pa dang'a. Kwa hiyo swali la kibadala lina umri sawa na elimu yenyewe ya dang'a, na jibu la msingi halijabadilika: kibadala hufaa kwa kadiri kinavyobeba kingamwili. Chakula peke yake, hata kiwe kizuri namna gani, hakitoshi.

MLANGO UNAOFUNGWA

Utumbo wa ndama aliyezaliwa sasa hivi huruhusu kingamwili kupita zikiwa nzima mpaka kwenye damu. Ruhusa hiyo ni ya muda mfupi. Huanza kupungua mara baada ya kuzaliwa. Ikifika saa ya 6 imekwisha punguka sana, na baada ya saa 24 mlango umefungwa. Dang'a inayonyweshwa siku ya pili ni chakula bora, na huweza kuzuia vijidudu ndani ya utumbo wenyewe, lakini haiingii tena katika damu.

Kwa sababu hiyo ndama anywe dang'a katika muda wa saa 2 za kwanza. Kiasi kinachoshauriwa ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Ndama wa kilo 40 anahitaji lita 4. Ndama chotara wa kilo 25 anahitaji lita 2 na nusu. Asipoweza kumaliza kwa mara moja, apewe kwa mafungu mawili au matatu, mradi yote yaishe mapema. Kisha apewe nyingine, kama lita 2, kabla ya saa 12 kupita.

Wapo wafugaji ambao hawamruhusu ndama kunyonya mpaka zalio la mama litoke. Desturi hiyo ina madhara. Zalio huweza kuchelewa saa nyingi, na wakati huo wote mlango uliotajwa unaendelea kufungwa. Zalio lina matibabu yake. Saa zilizopotea hazirudishwi.

DANG'A INAPOKOSEKANA

Mama aweza kufa katika kuzaa. Aweza kuwa hai lakini ana ugonjwa wa kiwele, na dang'a yake ikatoka na damu au mabonge. Mtamba wa uzao wa kwanza aweza kuwa na dang'a kidogo na hafifu. Ng'ombe aliyekamuliwa mpaka siku za kuzaa bila kupumzishwa, au ambaye chuchu zake zilivuja siku kadhaa kabla, huwa amekwisha poteza iliyo bora. Katika hali zote hizo mfugaji atafute kibadala upesi. Vibadala vyenyewe vimepangwa hapa kuanzia kilicho bora.

Kwanza, dang'a mbichi ya ng'ombe mwingine. Hiki ndicho kibadala cha kweli. Ng'ombe afaaye kutoa ni yule aliyezaa siku hiyo, mwenye uzao wa pili au zaidi, aliyepumzishwa kukamuliwa kabla ya kuzaa, na ambaye ni wa banda hilo au wa jirani, kwa kuwa kinga yake ni ya vijidudu vya mahali hapo. Ichukuliwe dang'a ya mkamuo wa kwanza. Ile ya mkamuo wa pili huwa na kingamwili kama nusu tu. Ndama wa ng'ombe huyo ashibe kwanza, ndipo ziada itolewe.

Hapa pana tahadhari kubwa. Dang'a hubeba kinga, lakini pia huweza kubeba maradhi. Kifua kikuu, ugonjwa wa kutupa mimba na vijidudu vya kuharisha huweza kupita humo. Asitumiwe ng'ombe aliyetupa mimba, anayekohoa na kukonda, mwenye ugonjwa wa kiwele, au anayetibiwa kwa dawa ambazo muda wake wa kungoja haujaisha. Ng'ombe aliyepimwa na Bwana Mifugo akaonekana hana maradhi hayo ndiye wa kutegemewa.

Pili, dang'a iliyogandishwa. Dang'a safi ikigandishwa katika jokofu lenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri hudumu mpaka mwaka mmoja bila kupoteza kinga yake. Katika jokofu la kawaida lisilogandisha isizidi siku 2. Siku ya kuitumia, chupa iwekwe ndani ya maji ya moto wa wastani, yasiyozidi nyuzi 50. Pasipo na kipimajoto, yawe maji ambayo mkono unaweza kuyavumilia. Isiwekwe motoni, wala isichemshwe kamwe: moto huharibu kingamwili, na dang'a yenyewe huganda kama yai la kukaanga. Ikishayeyuka inyweshwe ikiwa na joto la mwili wa ng'ombe, yaani nyuzi 38 au 39, na isirudishwe kugandishwa tena.

Tatu, dang'a ya unga. Viko viwanda vinavyokausha dang'a ya ng'ombe na kuiuza katika pakiti. Mnunuzi asome maandishi kwa makini, kwa sababu unga huo ni wa namna mbili. Upo uliotengenezwa kushika nafasi ya dang'a, ambao kipimo kimoja huwa na angalau gramu 100 za kingamwili. Na upo wa kuongezea tu juu ya dang'a ya mama, ambao haumtoshi ndama asiyepata kitu kingine. Hata katika namna ya kwanza, gramu 100 ni kiasi cha chini. Wataalamu wa siku hizi hupendelea ndama apate 200 au zaidi. Unga wa maziwa ya kulelea ndama si dang'a ya unga, ingawa pakiti zaweza kufanana.

Nne, msaada wa mganga wa mifugo. Ndama aliyepita saa 24 bila dang'a aweza kutiliwa mshipani majimaji ya damu ya ng'ombe mzima. Hii ni kazi ya mganga, ina gharama, na haifanywi na mfugaji.

MCHANGANYIKO WA YAI

Wafugaji wengi wanaufahamu mchanganyiko ambao umefundishwa kwa miaka mingi kwa jina la dang'a ya kutengeneza. Huchukuliwa yai moja bichi, likapigwa katika mililita 300 za maji yaliyochemshwa na kupozwa. Huongezwa nusu kijiko cha chai cha mafuta ya nyonyo na mililita 600 za maziwa safi. Hupashwa moto kufikia joto la mwili, na ndama hupewa mara 3 kwa siku katika siku 3 au 4 za mwanzo. Wengine huongeza mafuta ya ini la samaki.

Yafaa ukweli wa mchanganyiko huu usemwe waziwazi. Yai na maziwa ni chakula. Mafuta ya nyonyo hufungua tumbo, kama dang'a inavyofanya. Mafuta ya ini la samaki yana vitamini. Lakini zile kingamwili za ng'ombe ambazo ndama hana, hazimo. Mfugaji anayempa ndama mchanganyiko huu akidhani amemaliza kazi, amemshibisha bila kumkinga. Ndipo hushangaa siku ya tano au ya kumi, ndama aliyekuwa akinywa vizuri anapoanza kuhara, kuvimba kitovu na viungo, au kuhema kwa taabu.

Hii haina maana kwamba mchanganyiko huo utupwe. Mahali ambapo hakuna dang'a kabisa, ndama atapata nguvu za kuishi kwa huo. Lakini utumiwe baada ya kutafuta dang'a na kuikosa, wala usitumiwe badala ya kutafuta. Mayai yawe mapya, yasiyo na ufa. Na ndama aliyelelewa hivyo ahesabiwe kuwa mgonjwa mtarajiwa: atengwe na ndama wakubwa, alazwe juu ya majani makavu yanayobadilishwa kila siku, kitovu chake kipakwe dawa ya ayodini, vyombo vyake vioshwe kwa maji ya moto, na Bwana Mifugo aarifiwe siku ile ile, bila kungoja dalili.

NAMNA YA KUNYWESHA

Dang'a bora inaweza kuharibiwa na ndoo chafu. Vijidudu huongezeka upesi sana katika dang'a yenye joto, na vikiwa vingi huzuia kingamwili kupita utumboni. Kiwele kioshwe na kukaushwa, dang'a ikamuliwe katika chombo kilichosafishwa na kufunikwa, na inyweshwe mara moja au ipelekwe kwenye baridi katika muda usiozidi saa moja.

Ndama anyweshwe akiwa amesimama au amelala kifudifudi, kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo tu. Chupa yenye chuchu ni bora. Pasipo na chupa, atiwe kidole safi mdomoni anyonye huku mdomo ukiwa ndani ya ndoo. Asimiminiwe kwa nguvu koo likiwa limenyooshwa juu, kwa maana dang'a itaingia mapafuni na kumwua yule anayetakiwa kuokolewa. Mpira wa kupitisha dang'a moja kwa moja mpaka tumboni utumiwe na aliyefundishwa tu.

MWANA WA PUNDA

Wako wanachama wanaosafirisha maziwa kwa mikokoteni ya punda, na kwao kifo cha punda jike aliyezaa ni pigo maradufu. Mwana wa punda, kama yule wa farasi, naye huzaliwa bila kinga katika damu, na sharti la saa za mwanzo ni lile lile. Kibadala cha kwanza ni dang'a ya punda mwingine aliyezaa karibuni. Ikikosekana, dang'a safi ya ng'ombe yaweza kumpa msaada wa dharura, lakini kingamwili za ng'ombe hazikai kwa muda mrefu katika damu yake, wala hazikujengwa kwa maradhi ya punda. Kwa hiyo mganga wa mifugo aitwe mapema. Ikumbukwe pia kwamba maziwa ya punda yana mafuta machache na sukari nyingi kuliko ya ng'ombe. Mwana wa punda asilelewe kwa maziwa matupu ya ng'ombe bila ushauri.

AKIBA YA CHAMA

Yote yaliyoelezwa yanaonyesha jambo moja: kibadala cha dang'a ni dang'a, nayo haitafutiki kwa urahisi usiku wa manane baada ya ng'ombe kufa. Mfugaji mwenye ng'ombe mmoja hawezi kujiwekea akiba kwa mwaka wake wa kwanza. Chama chenye ng'ombe mia mbili kinaweza, na hapo ndipo faida ya ushirika huonekana.

Hatua ya kwanza haihitaji umeme wala fedha. Katibu afungue daftari la ng'ombe wenye mimba. Mimba ya ng'ombe huchukua kama siku 280. Kwa hiyo ng'ombe aliyehimilishwa tarehe 10 Januari hutazamiwa kuzaa karibu na tarehe 17 Oktoba. Wanachama wakiandikisha tarehe za uhimilishaji au za kupandishwa, katibu ataweza kusema kila wiki ni kwa nani ng'ombe anatazamiwa kuzaa. Aliyepatwa na msiba ataelekezwa nyumba ya kwenda kabla saa hazijapita.

Hatua ya pili ni kwa chama chenye umeme kituoni. Jokofu dogo la kugandishia latosha kuanza. Mwanachama ambaye ng'ombe wake ana ziada huleta dang'a ya mkamuo wa kwanza katika chupa safi za lita 1 au 2. Kila chupa iandikwe jina la mwenye ng'ombe, namba ya ng'ombe na tarehe. Chupa za ng'ombe mbalimbali zisichanganywe, ili maradhi ya mmoja yasisambazwe kwa ndama wengi. Chupa iliyopita mwaka itolewe. Umeme ukikatika na chupa zikayeyuka, zipewe ndama wakubwa kama chakula; zisigandishwe tena na kuhesabiwa akiba.

Malipo yaweza kufuata mfano ambao wanachama wamekwisha uzoea. Kama mtamba hulipwa kwa mtamba, basi dang'a na ilipwe kwa dang'a: aliyechukua lita 4 arudishe lita 4 ng'ombe wake mwingine, au huyo huyo ikiwa yu hai na mzima, atakapozaa. Katibu aandike waliotoa na waliochukua, na hesabu isomwe katika Mkutano Mkuu kama hesabu nyingine yoyote ya chama.

Mpango huu unaondoa pia kishawishi cha zamani, cha kutia dang'a ndani ya maziwa ya kuuza. Kila karani wa mapokezi anajua matokeo yake: maziwa yenye dang'a huganda yakichemshwa, hushindwa katika kipimo cha alkoholi, na yakipita bila kuonekana huharibu maziwa ya wanachama wengine ndani ya tangi. Desturi ya vyama vingi ni kutopokea maziwa ya ng'ombe aliyezaa chini ya siku 5, na palipo na masharti yanayotaja siku nyingi zaidi, hayo ndiyo yafuatwe. Mwanachama anayeona dang'a yake inapokelewa kwa heshima katika jokofu la akiba hatakuwa na sababu ya kuificha katika kopo la maziwa.

WAJIBU WA MAKATIBU

Makatibu wanaombwa kufanya mambo manne kabla ya mkutano ujao wa wanachama. Mosi, kufungua daftari la ng'ombe wenye mimba. Pili, kumwomba Bwana Mifugo aeleze ni ng'ombe gani wanaofaa kutoa dang'a na ni vipimo gani vinavyohitajika. Tatu, kuipelekea Bodi ya chama pendekezo la jokofu la akiba, pamoja na bei yake na mahali litakapowekwa. Nne, kuanza kuandika kila ndama anayezaliwa na kila anayekufa, kwa tarehe na sababu, ili hasara isiyoandikwa ianze kuonekana vitabuni.

Wahenga walisema akiba haiozi. Dang'a huoza upesi sana ikiachwa katika ndoo, lakini ikikusanywa kwa usafi, ikagandishwa na kuandikwa, yaweza kungoja mwaka mzima kwa ajili ya ndama ambaye bado hajazaliwa, wa mwanachama ambaye bado hajui kwamba ataihitaji.